Masomo ya Gitaa kwa Betri Zilizochoka

Wenzake walirudi majumbani na mabati, baba yangu akarudi na gitaa. Hivyo ndivyo mama alivyolieleza jambo hilo kwa kila aliyepita mlangoni petu, mtaa wa Mazwi, na hakuchoka kulieleza. Shirika la umma alilofanyia baba kazi lilikuwa limefungwa, na bendi ya shirika ikafa nalo. Wafanyakazi wakaambiwa wachague vitu vya stoo kufidia sehemu ya mafao yao. Baba, aliyekuwa karani mchana na mpiga ridhimu jioni, akachagua gitaa kavu, lisilohitaji umeme, na redio kaseti, akapita navyo katikati ya mtaa bila haya.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Sumbawanga, ambayo mimi niliyazoea yakiwa na chumvi na rafu tupu, yalikuwa yamejaa sabuni za kunukia, mitumba, biskuti na saa za plastiki. Kila kitu kilikuwepo, kazi tu ndiyo haikuwepo. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na upande wa jikoni ilikuwa ikivuja kiasi kwamba mvua ikinyesha tulihamisha mafiga.

"Tutafunika paa kwa gitaa," mama alisema, "tuone kama litazuia mvua."

 Baba alikuwa mtu wa maneno machache na utani mwingi, lakini utani ulikuwa umemwisha. Akaamua kuteremka Bonde la Rukwa, Mtowisa, akalime mpunga. Asubuhi ya safari mama alibaki ndani akipepeta ulezi uliokwisha kupepetwa, na baba alipoaga kutoka mlangoni, alijibiwa kwa sentensi moja tu: "Urudi na bati." Baba aliichukua kama kiapo. Mimi ndiye niliyemsindikiza hadi kwenye lori, na tangu siku ile nilikuwa na haja moja tu duniani, arudi.

Kabla hajaondoka alikuwa ameanza kunifundisha. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na nadhani alinionea huruma, au tulioneana. Alinifundisha kodi tatu, yaani namna tatu za kubana nyuzi kadhaa kwa pamoja zikalia sauti moja iliyokubaliana. Ulikuwa msimu wa kipupwe. Upepo wa Ufipa ukikushika asubuhi vidole havikunjiki hata kushika kijiko, sembuse waya. Nilibana, waya ukanikata, nikalisukuma gitaa pembeni. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hata sasa.

"Likununie tu," baba alisema. "Gitaa likinuna halina njaa. Wewe ndiye utakayerudi."

Nikarudi. Akaniwekea vidole kimoja kimoja mahali pake, akavipulizia pumzi ya moto vipate joto, akaniambia nipige. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kitu kizuri kikitoka mikononi mwangu, na sikukisahau.

Basi baba alipokuwa bondeni, masomo yakaendelea kwa lori. Jirani yake huko alikuwa mfugaji wa familia iliyohamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini magharibi, na jirani huyo alikuwa na redio kaseti kubwa ambayo betri zake hazikukosekana. Baba alikuwa akienda kwake kurekodi somo, anaifunga kaseti kwenye mfuko wa nailoni, anaisokomeza ndani ya gunia la mchele, na lori linapanda nayo milima ya Lyamba lya Mfipa hadi mjini. Mama anatoa mchele, mimi natoa kaseti. Kaseti yenyewe ilikuwa ile ile moja. Nikishaelewa somo niliirudisha, naye akarekodi jipya juu ya la zamani.

Kila somo lilianza kwa kulinganisha nyuzi. "Sikiliza huu," anasema, anapiga uzi mmoja, "kaza au legeza mpaka wako ufanane." Kisha anasema kidole gani kikae wapi, anapiga taratibu, ananiachia nafasi nipige mimi, kisha anasema, "Rudia, mwanangu." Ajabu ni kwamba sikuzote alisema nirudie pale pale nilipokosea. Ng'ombe wa jirani walilia katikati ya masomo, na mara moja jirani mwenyewe alisikika akicheka na kuuliza kama binti huyo anayefundishwa yumo ndani ya redio.

Nilipozijua kodi akanihamishia kwenye solo. "Solo usiyoweza kuiimba huwezi kuipiga," alisema. "Imba kwanza." Nikawa naimba nikienda kisimani, naimba nikitwanga, hadi mama akaniuliza kama kwaya ya parokia imekwisha kunifukuza. Halafu likaja somo kubwa kuliko yote.

"Bendi imekufa," baba alisema ndani ya kaseti. "Mpiga besi anauza mitumba, mpiga solo sijui yuko wapi. Kwa hiyo bendi nzima ni wewe. Dole gumba lako ni besi, ndiyo nguzo ya nyumba. Nyuzi za katikati ni ridhimu, ndizo kuta. Nyuzi za chini ni solo, yaani mtu anayeingia na kutoka. Nguzo isimfuate mtu anayetoka, nyumba itaanguka." Kisha akapiga wimbo mmoja mzima, bila maneno, vyote vitatu kwa pamoja. Nilijua ni mmoja wa nyimbo alizotunga mwenyewe, ila mlango wa ukumbi wa dansi sikuwahi kuukaribia. Mwishoni akasema, "Siku utakayoupiga huu peke yako toka mwanzo hadi mwisho, nirekodie upande wa pili. Nikiusikia, nitapanda kuja kukusikiliza kwa masikio yangu."

Nililia kwa furaha. Sasa kurudi kwa baba kulikuwa mikononi mwangu, tena mikono yote miwili.

Hapa lazima niseme habari za betri. Mama alikataa katakata kununua betri kwa ajili ya mambo ya bendi. Redio ilikuwa ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo, basi, na kwa hayo betri zilizokuja nayo zilitosha, maana zilipochoka sauti ya mtangazaji ilipungua tu, nasi tukasogeza masikio. Mimi nilikuwa nazitoa na kuzianika juani juu ya jiwe la kufulia, nikizigeuzageuza kama mahindi ya kuchoma, nazo zikanipa somo moja zaidi. Wewe uliyeishi miaka ile na redio kaseti umeshaelewa. Sisi hatukuelewa.

Tulichokisikia ni kwamba sauti ya baba ilikuwa inazama. Kila kaseti iliyopanda ilikuwa nzito na ya polepole kuliko iliyotangulia, sauti ya mtu anayezungumza akiwa amejiegemeza ukutani. "Ru-di-a, mwa-na-ngu." Mimi nikadhani ni upweke. Mama, aliyekuwa akijifanya hasikilizi, siku moja akatokea mlangoni na unga mikononi.

"Huyo mtu anaumwa," akasema.

"Hajasema anaumwa."

"Angesema lini? Miaka yote hiyo amewahi kusema?"

Gunia liliporudi bondeni lilikuwa na unga wa ulezi wa uji na sweta zito la mtumba. Utingo wa lori alilinyanyua lile sweta akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, Mtowisa hii hii? Kule tunalala nje kwa joto!" Mama akamwambia afunge gunia na mdomo wake.

Kaseti iliyoshuka na gunia hilo ilirudi na wimbo ule ule, na baada yake shukrani. "Mwambie mama yako sweta limefika," baba alisema kwa sauti ya kaburini. "Nalilalia kila siku kama mto." Mama alikaa kwenye kigoda. Kama analilalia kila siku, alisema, basi hainuki tena. Usiku wa siku zile rozari yake ilikuwa ndefu, na sikulisikia tena neno bati.

Nami nikaongeza bidii. Niliushika ule wimbo kama ulivyotoka, polepole na kwa sauti ya chini, nyuzi nimezilegeza zifanane na za kaseti hadi zikawa laini chini ya vidole. Niliona ni wimbo wa huzuni na nikaupiga kwa huzuni. Dole gumba lilipojifunza kubaki nyumbani huku vidole vingine vikitoka, nilijua uko tayari. Nikageuza kaseti, nikabonyeza vitufe viwili, nikasema, "Shikamoo baba. Huu hapa," nikaupiga wote bila kukosea, na kaseti ikashuka.

Sikupata kaseti nyingine. Nilipata baba mwenyewe, akiruka kutoka juu ya magunia ya mpunga kwenye lori kwa wepesi wa kijana, mweusi kwa jua la bondeni, sweta amelifunga kiunoni. Hakuwa na bati hata moja.

Alikuja nyumbani karibu kukimbia. Mama alimwona kutoka uani, akaacha alichokuwa akifanya, akachuchumaa na kupiga makofi taratibu, kama tunavyosalimia sisi, salamu ambayo siku ya safari alimnyima. Baba akaitikia. Kisha akanishika mabega, akanitazama mashavu, akanigeuza.

"Mbona umenenepa?" akauliza, kama aliyedanganywa. "Kwenye kaseti ulisikika na sauti nyembamba kama ya mtoto wa miaka mitano. Nilisema mwanangu amekwisha. Sikulala."

"Na wewe mbona mzima?" mama akamjibu. "Sauti yako ilikuwa ya mtu anayekata roho!"

Wakatazamana. Nadhani baba ndiye aliyeanza kuelewa, maana macho yake yalikwenda kwenye redio, lakini mama hakumpa nafasi. Alimwekea kigoda, akamwambia akae, mtoto amengoja mno. Nami nikachukua gitaa, nikapiga.

Nilianza tu, nikaona uso wa baba unahangaika. Aliinua mkono, akaanza kuchezesha vidole kwa haraka, kama anayesukuma mbuzi aingie zizini. "Mwanangu, huo ni wa dansi, watu wanacheza huo, kwenye kaseti uliupiga mbio kabisa, mbona sasa un..."

"Mwache," mama akasema.

Alisimama akiegemea nguzo ya jikoni, na mikono yake ilikuwa haina kazi, jambo ambalo sikulizoea. Nikaendelea hadi mwisho. Alipozungumza alizungumza na baba, si na mimi.

"Ndivyo ulivyonipigia kule Mwimbi," akasema. "Nyumbani kwetu. Mimi nasaga ulezi, wewe umekaa nje na lile gitaa lako la bati la mafuta. Ulikwenda polepole hivyo hivyo."

Baba alikuna kichwa. "Nilikuwa sijui kubadilisha vidole."

"Najua. Nilikuwa nakungoja kwenye kila kodi. Halafu mkaenda bendini mkautia mbio, ukumbi mzima ukawa unaurukia. Nikasema, haya, wimbo wangu nao umeajiriwa."

Miaka yote nilidhani mama analichukia gitaa. Nilimtazama baba. Aliinama akafungua redio, akatoa betri, zilikuwa zimeanza kutoa maji. Alicheka kidogo. "Zikichoka kaseti hutambaa, na ulichorekodi nazo hukimbia kwenye redio yenye betri nzima," akasema, akaenda dukani, akarudi na mpya. Kisha akatoa kaseti mfukoni, upande wake wa somo, akabonyeza. Ghafla sauti yake halisi ikajaa uani, nyepesi, ya mtu mzima mwenye afya, na wimbo ukatoka mbio, mzuri, wa kuchezea. Nilishangaa kusikia nilichokuwa nimejifunza. Tuliusikiliza kidogo, watatu, bega kwa bega.

Mama akanyoosha mkono akauzima.

"Toa hizo," akasema. "Rudisha zile za zamani."

"Zimekufa."

"Mtoto anajua kuzifufua."

Asubuhi iliyofuata jua lilitoka kali bila joto, jua la Ufipa. Lori la kurudi bondeni lilisimama barabarani, likapiga honi, kisha tena. Hakuna aliyekuwa ameuliza habari za bati. Utingo alikuja mwenyewe hadi uani akamkuta baba amechuchumaa kwenye jiwe la kufulia, amevaa sweta, anageuza betri moja baada ya nyingine.

"Mzee, twende, tunakungoja wewe."

"Tangulieni," baba akasema bila kuinua kichwa. "Mimi bado naanika."