Dawa Yangu ya Kibofu Ilimwagwa na Anayenipenda

Admin, naomba unifichie jina. Huku kwetu Karagwe tunajuana mpaka kuku.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mkulima wa kahawa na migomba upande wa Nyaishozi. Nina mtoto mmoja tu, binti, na mkisoma mtaelewa kwa nini ni mmoja.

Miaka ya tisini, binti yangu ndiyo kwanza anaanza kutembea, uvimbe uliniota pajani. Nilidhani ni jipu. Ukakua mpaka nikashindwa kuinama kupalilia maharage. Hospitali wakasema ni kansa. Walinikata ule uvimbe, kisha nikalazwa kwa matibabu ya dripu. Mume wangu alibaki na shamba, mtoto akapelekwa kwa dada yangu, na mama mkwe ndiye aliyekunja mkeka wake akaja kuniuguza. Alikuwa analala sakafuni, pembeni ya kitanda changu.

Daktari alitueleza kwamba dripu ile inaua kansa, lakini ikipita kwenye kibofu inakiunguza. Kwa hiyo kila baada ya dripu nilipaswa kunywa dawa nyingine ya kukilinda, pamoja na maji mengi. Dawa hiyo, jamani! Inanuka yai viza. Walikuwa wanaichanganya na juisi, bado naitapika mpaka nyongo. Siku mume wangu alipokuja kunitazama nililia mbele yake nikasema, "Nimechoka na hii dawa, siitaki tena." Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza.

Wakati huo wakimbizi walikuwa wamejaa wilaya yetu, wodi zimefurika. Muuguzi akimaliza dripu alikuwa anamwachia mama mkwe kikombe cha dawa, anamwambia, "Bibi, hakikisha anamaliza," halafu anakimbilia wengine. Niliporudi kwa dripu za awamu ya pili, nikaona dawa inanyweka. Mama mkwe akasema, "Nimeongeza pesheni, ndiyo maana hainuki." Nikanywa yote, nikamshukuru Mungu.

Kabla dripu hazijaisha, mkojo ukaanza kutoka damu, tena mabonge. Kukojoa ikawa kama napitisha kaa la moto. Wakaniwekea mpira wa mkojo, wakawa wanakisafisha kibofu kwa maji. Daktari akauliza kama dawa ya kibofu nilikunywa. Nikasema nilikunywa. Mume wangu, ambaye alikuwa ameitwa, akadakia: "Daktari, huyu alishaniambia haitaki. Atakuwa anaimwaga." Nikamtazama mama mkwe anitetee. Alikuwa ameinama, anakunja kanga.

Kansa nilipona, namshukuru Mungu. Kibofu hakikupona. Kilikakamaa, hakishiki mkojo. Mpaka leo siwezi kumaliza ibada bila kutoka nje, na nikipanda gari kwenda Kayanga nashinda na kiu makusudi. Hali ya godoro langu kila asubuhi malizieni wenyewe. Mume wangu alivumilia kidogo, halafu akahamia Mabira kwa mwanamke mwingine. Kila aliyemuuliza alijibiwa, "Yule alijiharibu mwenyewe kwa ukaidi wake."

Mama mkwe aligoma kumfuata mwanawe. Alisema, "Mkwe wangu ni huyu," akabaki na mimi. Ndiye aliyekuwa anaanika godoro langu nyuma ya nyumba majirani wasione. Ndiye aliyembeba binti yangu mgongoni nilipokuwa sijiwezi. Mama yangu mzazi hakunifanyia hayo.

Binti akakua na maneno ya baba yake. Alipofika sekondari aliniuliza, "Mama, ungekuwa unanipenda si ungekunywa dawa? Baba asingeondoka." Nikamwambia nilikunywa. Akaguna tu. Sasa ana watoto wake, anaishi Bukoba, na akipiga simu ni "Shikamoo mama, mpe bibi simu."

Mwezi uliopita tulikuwa jikoni tunamenya ndizi. Mama mkwe siku hizi haoni vizuri, anapapasa. Ghafla akaweka kisu chini.

"Waitu mwanangu, ile dawa niliimwaga mimi."

"Dawa gani, mama?"

"Ya kibofu. Nilikuona unatapika, mifupa imetoka, nikasema hii ndiyo itaniulia mtoto. Wenyewe walisema haitibu kansa, ni ya kibofu, na kibofu chako kilikuwa hakiumwi. Nikawa nakupa juisi tupu. Damu ilipotoka nikaogopa. Nikajua nikisema watanifukuza pale, na nani angekuuguza?"

Akanishika mkono. "Usimwambie mjukuu wangu. Nikishakufa, mwambie."

Nilitoka nikaingia migombani nikalia mpaka sauti ikakauka. Kisha nikarudi nikamalizia zile ndizi, maana alikuwa hajala. Tangu siku hiyo namwogesha na kumlisha kama kawaida, ila kumtazama usoni nashindwa. Nina hasira naye, na siwezi hata kufikiria nyumba hii bila yeye.

Jana binti amepiga simu. Anakuja Krismasi, na anataka kuondoka na bibi akaishi naye Bukoba. Akaniambia, "Mama, wewe hata afya yako mwenyewe hukuijali, bibi utamwezaje?"

Nilifungua mdomo nimwambie yote. Mama mkwe alikuwa amekaa palepale, ametega sikio. Nikasema, "Karibu mwanangu, tunawasubiri." Nikakata.

Ndugu zangu, nikisema sasa, mtoto atajua sikumtupa, lakini bibi huyu nitakuwa nimemzika akingali hai. Nikingoja afe kama alivyoomba, nani ataniamini wakati shahidi wangu yuko kaburini? Watasema namsingizia marehemu ili nijisafishe.

Nishaurini nifanye nini kabla ya Krismasi. Na ninyi mliolelewa na bibi zenu, naomba mnijibu kwa ukweli: mngependa kuambiwa?