Majani ya Kogo Langoni

Nilipokuwa mtoto wa kuchunga ndama, bado sijakabidhiwa ng'ombe wakubwa, kogo wangu, yaani nyanya mzaa baba, alinichukua kwenda bondeni kumlambisha ng'ombe wetu chumvi. Ndiye pekee aliyebaki. Miaka ile ya thelathini ilitupiga vibaya: nzige, kisha ukame. Mimba yake ya kwanza ilitoka kabla ya wakati, na kogo hakuwa na shaka kuhusu sababu: ng'ombe hakulamba ng'eny yetu, ule udongo wa chumvi ulio ukingoni mwa mto, chini ya Kimulot. Sasa alikuwa na mimba tena; hii nayo ikitoka, mdogo wangu angekosa maziwa.

Njiani kogo alinionyesha kwao.

"Hapa ndipo nilipotoka nikiolewa."

"Wapi, kogo?"

"Hapo penye mistari."

Mistari ya chai ya Mzungu, mpaka macho yachoke. Na chini kabisa, kabla ya mto, seng'enge na lango, na langoni askari wa shamba, mzee Ouma, mtu wa upande wa ziwa, amevaa koti refu kuliko yeye.

"Rudisha hiyo ng'ombe. Bwana hataki ng'ombe ya watu hapa."

Kogo hakujua Kiswahili. Mimi nilikuwa nimeokota kidogo shule ya misheni, lakini hakungoja nitafsiri. Aliinama, akang'oa majani mabichi, akamnyooshea kwa mikono miwili huku midomo ikinong'ona. Kwetu, mtu akikushikia majani hivyo, hata kama mlikuwa mmeinuliana mikuki, mnasimama. Anaomba amani.

Ouma akaruka nyuma. "Yawa! Huyu mama ananifanyia nini? Mwambie aweke hiyo kitu chini! Niko na watoto mimi!" Akafungua lango, akasimama mbali, uso kando.

Nikaanza kumsukuma ng'ombe. Kogo akanishika sikio.

"Amesema nini?"

"Anadhani unamroga. Twende kabla hajajua!"

"Hatuendi." Akaketi chini palepale, majani bado mkononi. "Chumvi ikiingiwa na woga wa mtu huua ndama tumboni. Mwambie ukweli."

"Akijua atafunga, kogo!"

"Basi afunge."

Nimesimama kwenye midahalo mingi chuoni tangu hapo, nikibishana na wavulana wanaodhani sauti nene ni hoja. Hakuna maneno niliyowahi kuyasema kwa shida kama yale.

"Baba, si uchawi. Nyanya anaomba amani. Anataka uyashike."

Ouma alitazama majani, akatazama njia ya kwenda kwa bwana. Akafunga lango. Nikamtazama kogo kwa hasira zote za mtoto aliyekuwa ameshinda.

"Kwa hivyo si kuniroga?" Ouma akauliza, sasa akiwa nyuma ya mnyororo.

"Si kukuroga."

"Na nikishika, nitakuwa nani?"

Nikamuuliza kogo. "Mtu wetu," nikatafsiri.

Akacheka kwa pua. "Mtu wenu! Na hii Kiluo yangu yote?" Lakini mkono wake ulipita katikati ya nyaya. Aliyapokea majani, akayachomeka kwenye kofia, akafungua lango mara ya pili, polepole. "Haraka basi, mama. Na huyo ng'ombe asikohoe."

Ukingo ulikuwa umeliwa ndani kama pango, kuta laini kama tumbo la kibuyu. Kogo alipitisha kiganja changu ukutani. "Hapa walilamba wa mama yangu. Hapa, wa nyanya yangu." Kando yetu ulimi wa ng'ombe ulikwaruza, kwaru, kwaru, na kogo akafumba macho.

Ndama alizaliwa mvua zilipoanza. Jike. Tukamwita Chepng'eny, binti wa ile chumvi.

Siku hizi pale ni pahali pa matembezi. Bonde limehifadhiwa, nyani wamehifadhiwa, miti haiguswi. Waliofukuzwa ni wenye ng'ombe tu. Nilipelekwa huko na wenzangu wa chuo, na kiongozi wetu akaeleza kwamba pango lilichongwa na mto. Nikainua mkono. "Mto haujawahi kupanda hadi hapa. Ni ndimi." Wakacheka. Nilikuwa na hoja za kuwamaliza wote, na kwa mara ya kwanza maishani nikazimeza.

Kama ni chumvi au ni amani iliyomtunza yule ndama, sijui, na sitadai kujua. Najua kwamba kogo aliona lango la nchi yake mwenyewe limefunguliwa kwa woga, akakataa kuingia mpaka lifunguliwe na mtu anayemwona. Mimi bado najifunza hilo. Hasira yangu hupenda njia fupi.

Tulipotoka, niling'oa majani nikamnyooshea mlinzi wa langoni, mgeni kwangu.

"Ya nini, dada?"

"Shika kwanza," nikamwambia. "Nitakueleza."