Jibu Tulilolifuata Mlima Kigali

Wasomaji wa gazeti letu la ukutani, fundi cherehani wa kichochoro chetu cha Biryogo hayupo tena. Alianguka msikitini alfajiri, na kabla ya jua kutua wanaume walikuwa wameshamzika. Mnanijua, mimi husema kidogo na kuandika zaidi. Kwa hiyo niliposikia kwenye matanga kila mtu akirudia kwamba marehemu hakuwahi kumkatalia mtu kitu, nilinyamaza na kuendelea kuosha vikombe. Hapa ukutani sitanyamaza. Ni kweli hakuwahi kukataa, na hilo ndilo linalonikera mpaka sasa.

Mkumbuke Idi iliyopita. Mtaa mzima ulimpelekea vitambaa, na hata aliyekuja na kitenge chake jioni ya mwisho alipokewa kwa tabasamu: “Weka hapo, mama, kesho utavaa.” Asubuhi ya Idi akina mama walijaa mlangoni wakiwa na nguo za mwaka jana, na yeye alikuwa ameshakwenda kuswali. Aliyesimama mbele yao kupokea maneno ni binti yake, mtu mzima kabisa, anayeshona vizuri kuliko baba yake (samahani marehemu, lakini kila mtu anajua). Mmoja alimwambia, “Yewe, baba yako iko na mdomo mtamu, mkono iko wapi?” Binti alicheka kwa sababu hakuwa na la kufanya. Mimi nilikuwa pembeni na sikucheka.

Binti huyo alikuwa na jambo lake. Mama yake mdogo alimtafutia nafasi katika nyumba ya kushona nguo za maharusi huko Bujumbura, na nafasi yenyewe ingemngoja hadi mwisho wa mwezi tu. Kila alipomwuliza baba, mteja aliingia, au chai ilichemka, au adhana iliita. Ndipo akapata wazo la kumpandisha baba yake Mlima Kigali siku ya Jumapili, kama matembezi ya vijana. Huko juu hakuna mteja, aliniambia, atanijibu tu. Alinichukua mimi jirani yake mdogo, pamoja na rafiki yake mmoja anayeuza viatu sokoni, msichana asiyejua kufunga mdomo. Tukatia vitambulisho mfukoni, maana siku hizi hata matembezi yanataka kitambulisho, tukaanza kupanda.

Jamani, mzee yule! Sijawahi kuchoshwa na mtu namna ile. Kupanda alipanda vizuri, miguu yake ilikuwa migumu kuliko yetu. Shida ilikuwa salamu. Kila nyumba ya mteremkoni ilikuwa na mtu aliyemshonea, na kila mtu aliulizwa habari za ng'ombe, za maharage, za mtoto aliyekuwa na surua. Watu walikuwa wakirudi kutoka misa, naye akawasimamisha njiani aangalie pindo za suruali zao. “Hii nitairekebisha, lete kesho.” Binti alisimama mbele yetu, mikono kiunoni. “Papa, twende.” “Nakuja, mwanangu, huyu ni mtu wetu.” Muuza viatu akasema, “Mzee, mlima mzima ni watu wako! Tungeleta na cherehani, tungefungua duka.” Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Hata hivyo tulifika. Juu kulikuwa na upepo na mikaratusi, na mto Nyabarongo ukionekana mwekundu chini kabisa. Hapakuwa na mtu mwingine. Binti hakukaa. Alisema mbele yetu sote, “Papa, Bujumbura wananingoja. Ninaenda ao siendi?” Mzee akaugeukia mji. Nilimwona kabisa anatafuta mtu wa kumsalimia. Kisha akafungua chupa ya chai, akamjazia binti yake kikombe, akasema, “Kunywa kwanza, kuna baridi. Tutaongea.” Muuza viatu akapiga kelele, “Aka, mzee! Sema neno moja tu, tushuke!” Akamjazia na yeye. Tukanywa chai. Tukashuka, na njiani akaanza upya kusalimia.

Mwezi haukuisha, akafariki. Siku ya tatu ya matanga, mdogo wake anayekaa Nyakabanda alituita ndani. Aliniambia, “Wewe huna maneno mengi, nitakuamini wewe. Kule mlimani kaka yangu alisema nini?” Binti alinitazama. Neno moja la uongo lingemfungulia njia, na nilijua. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, “Alisema tutaongea.”

“Basi hakukubali,” akasema mdogo wa marehemu.

“Na alikataa lini, baba mdogo?” binti akamwuliza.

“Mtoto, sasa mimi ndiye baba yako.”

“Ndiyo, baba mdogo. Basi niambie wewe. Sema ninakukataza, nisikie.”

Baba mdogo aliangalia mlango, akaangalia dari, kisha akasimama akisema wageni wanaongezeka na mikeka haitoshi. Akatoka. Hivyo ndivyo tulivyo katika mji huu: hapana ni neno la mtu asiye na adabu, kwa hiyo tunatabasamu na kumwacha mwenzetu asimame kwenye jua kali akingoja. Redio nayo kila jioni inatuambia wakubwa wa nchi bado wanaongea mkutanoni. Sijui wanaongea nini, lakini sauti ya msomaji wa habari naijua, ni ile ile ya “lete kesho.”

Binti aliondoka juzi kwenda Bujumbura. Nilimbebea mfuko hadi kwenye basi, nikidhani nitamwona ana furaha, lakini alikuwa analia kwa hasira. “Ningekatazwa, ningegombana naye tukamaliza,” aliniambia. “Ningeruhusiwa, ningembusu mkono. Sasa nimejiruhusu mwenyewe. Nigombane na nani? Nimshukuru nani?” Dereva alikuwa anawasha gari, nikampandishia mfuko.

Mungu amrehemu fundi wetu, alikuwa mtu mpole. Ila ninyi wazazi mnaosimama kusoma hapa mkitoka kuswali, naomba mnisikie, hata kama mimi ni msichana wa sekondari asiyeweza kuwatazama machoni. Tukiwauliza, tujibuni. Mkisema hapana tutanuna, tutagonga milango, kisha tutapoa. Mkikaa kimya tutaondoka vilevile siku moja, na hapatakuwa na mtu wa kutuaga.