Nimemnunulia mzee gemu la malori, nimejuta

Jamani, msije mkamnunulia baba yenu gemu la mashindano ya malori yale yenye matairi makubwa.

Mzee wangu ameendesha lori maisha yake yote. Siku hizi macho yamegoma, na juzi akagonga ukuta wa jirani hapa Mbagala.
Kaka zangu wakapiga simu: "Mnyang'anye funguo za gari."
Rahisi kusema ukiwa Kimara!

Mie nikajifanya mjanja. Leo nimeleta gemu, nikamkalisha mbele ya tivii, aendeshe humo asahau barabara.

Niseme ukweli, muungurumo wake mtamu. Mzee alivyousikia alinyoosha mgongo kabisa. Nikajua hapa nimepatia.

Kumbe humo ndani pointi unapata kwa kuponda magari ya watu.

"Baba, pita juu yake!"

"Gari la mtu lile," akasema, akalizunguka taratibu.

Na breki ndo hamna kitu. Unabonyeza, lori linateleza tu. Likapinduka, likajiinua lenyewe, mbio zikaendelea kama vile hakuna aliyeumia.

Mzee akaweka pedi ya gemu chini.

"Kwa hiyo hili ndo gari mlilonichagulia?"



Akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani polepole.
"Mngeniambia tu kwa mdomo, mwanangu."

Kaka zangu, najua mnasoma hapa. Funguo mlizozitaka zipo mezani.
Njooni mzichukue wenyewe, mie sizigusi.