Maranda ya Mvule

Hata leo nikinusa maranda ya mvule, huikumbuka siku ile. Namwona mama mlangoni mwa karakana moja ya Busia, amemshika kaka yangu mkono. Pale vijana walifundishwa useremala ili waachane na magendo.

"Ameshawahi kushikwa na polisi?" mwalimu aliuliza.

"Hapana, mwalimu. Huyu ametulia."

"Basi mama, hatuna nafasi. Tunachukua walioharibika."

"Kwa hiyo nikamngoje aharibike?"

Mwalimu akarudi ndani. Kaka akaanza kuvusha petroli mpakani kwa baiskeli, mpaka siku mitungi iliposhika moto naye akiwa juu ya baiskeli.

Jeneza lilitoka karakana ile ile, bure. Mwalimu alilileta mwenyewe. Mama alipapasa ubao wa mvule uliopigwa randa ukang'aa, akamwambia, "Leo mmempatia nafasi."