Chombo cha Elisaria

Ipo siku moja ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu: siku mama yangu aliposhuka ndani ya chombo cha chuma katika Ziwa Chala, na hali hakujua kuogelea.

Miaka ile bei ya kahawa ilikuwa imeanguka. Kwetu Machame watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya, na vijana wengi walikwenda kubeba mizigo ya watalii mlimani. Kaka yangu Elisaria, fundi wa kuchomelea vyuma mjini Moshi, alisema wenzake wapande, yeye atashuka. Alitaka kutengeneza boti yenye chumba chini yake, ili mgeni akae ndani ya maji na kutazama samaki dirishani bila kulowa. Nilimcheka kuliko wote, kisha nikawa msaidizi wake. Kaka yule akikuomba kitu, kumkatalia ilikuwa kazi.

Alifunga mapipa pande mbili yaelee, akaning'iniza katikati chumba cha mabati mazito, chembamba kama kabati, chenye mabenchi mawili na ngazi ya kuingilia kutoka juu. Madirisha aliyatoa kwenye basi bovu pamoja na mipira yake. Tukakijaribu kwenye nduwa, bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, kikiwa kitupu. Halikuingia hata tone. Mwanangu, sisi watu wa mlimani maji tunayoyajua ni ya mfereji, yanayofika kwenye kifundo cha mguu na yana haraka ya kwenda shambani kwa mtu. Maji ya kina tulikuwa hatujakutana nayo.

Ziwa lile liko shimoni, na njia ya kushuka ni mbaya. Tulikifungua chombo, na vijana wa kwaya ya kanisani ndio waliotubebea vipande hadi chini, tukavifunga kwa nati pale pale ukingoni. Kwa shukrani, Elisaria aliwaahidi kwamba wao ndio watakaokuwa wa kwanza kuingia. Mama alikuja na mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kuwapoza. Alichota kwa kata, akaonja yeye kwanza mbele ya macho yao, ndipo akawapa. Hivyo ndivyo apikaye mbege anavyofanya kwetu, na yeye alikuwa ameipika maisha yake yote.

Wasichana wanne wa kwaya wakavua viatu, tayari kupanda. Mama akaweka kata chini.

"Elisaria, umeshakaa humo ndani, majini?"

"Tumekijaribu kwenye nduwa, mama."

"Kukiwa na mtu ndani?"

Kaka akainama kukaza nati iliyokuwa imekazwa tayari.

"Uliwahi kuniona nampa mtu kata kabla sijaonja?"

"Mama, unaniaibisha mbele za watu."

"Ndiyo, nakuaibisha."

Elisaria akakasirika. Akasema lazima abaki juu, kwa kuwa ndiye anayejua kukiongoza. Labda ilikuwa kweli. Mimi naona aliogopa, na hakutaka kujua kwamba anaogopa. Mama akavua viatu vyake, akawasogeza wale wasichana kando.

"Chombo umekipika wewe. Wewe nilikupika mimi. Basi nitaonja mimi."

Akashuka ngazi. Kaka naye akavua viatu, akamfuata. Mimi na kijana mmoja wa kwaya tukashika makasia.

Mwanzoni palikuwa kimya. Nilimsikia mama akisema kutoka chini, "Yesu wangu, samaki hawa wanatutazama!" na sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa. Kisha kikasikika kishindo, na kaka akapiga kelele turudi. Nilichungulia. Kioo kimoja kilikuwa kimesukumwa ndani na maji yanamwagika pembeni. Mama alikuwa ameegemeza mgongo wake kwenye kioo hicho na kukanyaga benchi la mbele, anakirudisha mahali pake. Kaka alimvuta apande.

"Niache! Nikiondoka kinaingia chote," akasema. "Piga kasia, binti!"

Nilipiga kasia huku nalia, wala sioni haya kukwambia. Chumba kilipokwama kwenye mawe ya ukingoni, maji yalikuwa yamemfika mama kifuani. Alitoka anatetemeka, kanga imemganda mwilini. Akaomba kata, akanywa, akamtazama mwanawe.

"Haijaiva. Kapike tena."

Wale wasichana wanne walikuwa bado wamesimama pale, viatu mkononi. Niliwatazama mmoja mmoja, nikakaa chini.

Kosa lilionekana baadaye. Kaka alikuwa amefunga vioo kwa upande wa ndani, kwa hiyo maji ya kina, yenye nguvu kuliko ya nduwa, yalipovisukuma, vilikuwa na njia ya kuingia. Akavifunga upya kwa nje, na sasa maji yenyewe yakawa yanavikaza kwenye fremu. Akashuka peke yake mara nyingi. Akashuka na magunia ya mawe. Mwisho mama akaja, akaonja, akakaa na samaki wake hadi alipochoka. Wageni walikuja kwa miaka kadhaa, na kila asubuhi Elisaria alitangulia kushuka, hata wakinung'unika kwamba anawachelewesha.

Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, kaka ndiye aliyemlisha. Siku moja alichota mtori, ile supu nzito ya ndizi, akaonja kijiko cha kwanza yeye mwenyewe, ndipo akampa. Mama akameza, akamshika mkono.

"Sasa umeiva," akamwambia. Kaka akatoka nje kulia.

Mwanangu, siku moja utatengeneza kitu: nyumba, daraja, dawa, au ushauri tu wa kumpa mtu. Kabla hujamwita mwenzako aingie, ingia wewe. Kaa humo hadi ujue panapovuja. Na akitokea mtu wa kukuuliza mbele za watu, usimchukie, kwa maana huenda ndiye atakayeweka mgongo wake kwenye kioo chako. Mungu aibariki mikono yako, akulinde na kina usichokijua, na asikunyime mtu wa kukuuliza.