Mkono Uliokaza Jiriwa

Ilikuwa mwaka ule soko lilipoungua. Hapana, nisidanganye watu, ni mwaka uliofuata, maana karakana ya fundi ilikuwa imeshaezekwa bati jipya.

Fundi na mkewe walipasua mbao pamoja miaka ishirini na mitatu. Yeye alisukuma ubao kwenye msumeno wa meza, inchi za mwisho akitumia kijiti ili vidole visikaribie meno. Mke alisimama upande wa pili akipokea. Kupokea tu, si kuvuta. Ukivuta, ubao unakwenda mshazari, msumeno unaubana na kumrushia aliyesukuma.

"Siku nikikuchoka nitavuta mara moja tu," mke alimtania, na fundi alicheka mpaka vumbi la mbao likampalia.

Mwaka huo kicheko kilipungua. Vidole vya mkono wa kulia viliingia ganzi, kwanza ncha, kisha mpaka kiganjani. Akishika kikombe, sharti akitazame ndipo ajue amekishika. Hakumwambia mtu. Fundi asiyejua mkono wake umekaza nini, nani atamwacha asogelee mashine? Na bila mashine, yeye ni nani tena?

Basi binti yao akajifungua, na mke akaenda kumwona.

"Usiguse kitu, baba watoto. Nisubiri."

"Nenda zako, mama. Kwani nilizaliwa nawe humu karakanani?"

Mke hajafika hata kituoni, fundi akalaza ubao wa fremu ya mlango chini ya keekee ya umeme ili autoboe. Akaubana mezani kwa jiriwa mbili, akakaza mpaka alipoona yatosha. Keekee ikauma mti, mti ukachomoka, ukazunguka kama feni, ukampiga chini ya mbavu. Akakaa chini bila kupenda, mdomo wazi, pumzi hakuna.

Mchomeleaji wa mlango wa pili, waliyemwita Cheche, alikuja mbio akazima swichi ya ukutani.

"Mzee, umevunjika?"

"Pumzi tu. Itarudi."

Cheche akaigusa jiriwa kwa kidole kimoja. Ikazunguka yenyewe.

"Hii haikukazwa."

"Nimeikaza mwenyewe!"

"Kumbe mama leo hayupo?"

"Mama anaingiaje hapa?"

Cheche akakuna kichwa, akatazama mlango kama mtu anayejuta kuja. "Mzee, si kila siku ukigeuka kufuata penseli, yeye anapita nyuma yako anakaza tena? Sisi tulidhani mmekubaliana."

Mbavu zikaacha kuuma ghafla, au basi tu palipatikana pengine pa kuuma.

Jioni mke alirudi. Alimwona mumewe amekaa upande, akauona ubao uliopasuka. Alitua mfuko, akaenda kusimama mahali pa fundi, mbele ya msumeno.

"Kuanzia kesho mimi nasukuma. Wewe unapokea."

Fundi hakubisha. Aliutazama mkono wa mkewe, sugu ile nene kati ya kidole gumba na cha shahada, ambayo siku zote alidhani ni ya mchi. Akamuuliza hapo hapo. Akamuuliza tena siku nyingine nyingi, na kila mara mke, badala ya kujibu, aliwasha mashine. Swali la fundi lilikuwa lile lile:

"Ulianza lini kukaza baada yangu?"